Bakuli Lililoliwa Angani

Kilian alikuwa ameshaivuka milima na ameanza kuteremka kuelekea ziwani, mkewe alipoingia na kutua mfuko wa usipa, dagaa wa ziwani, mlangoni.

"Hodi nimepiga mpaka nimechoka," Eliza alisema.

Kilian hakugeuka. Wakati wa kuteremka ndipo watu wanapoangusha ndege. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye fimbo ya kuongozea, wa kushoto ukielea juu ya kibodi, na masikio yalikuwa yamezibwa na hedifoni kubwa nyeusi zilizounguruma sauti ya injini. Kwenye kioo cha kompyuta ukingo wa milima ulikatika ghafla, Ziwa Nyasa likajitandaza chini yake, bluu tupu, bila mtumbwi wala wimbi. Pale pwani ilipojikunja upande wa kulia palikuwa Lituhi. Mashine haikuandika Lituhi popote, lakini yeye aliijua kwa lile kunjo, kama mtu anavyomjua ndugu yake akimwona kwa mgongo tu. Hapo angepinda kushoto, ashike ufuko, ateremke nao taratibu mpaka Liuli, kwao Eliza.

Eliza alimvua hedifoni kichwani.

"Baba Jacqueline, shamba lako limefyekwa."

"Shamba gani?"

"Kwani unayo mangapi?"

Kilian alibonyeza kitufe. Ndege ikasimama hewani juu ya maji, ikabaki pale kama picha ya ukutani.

Eliza alikuwa ametoka Liuli siku hiyo, alikokwenda kumwuguza dada yake. Aliposhuka kwenye gari alikata njia ya mlimani ili awasalimu kwanza akina Bernadi, kaka yake Kilian, na njia hiyo hupita shamba lao la kando ya kijito. Alilikuta jeupe. Majani yote chini, vigingi vimechomekwa kila upande, vimefungwa vitambaa vyekundu. Tobias, mtoto wa Bernadi, alikuwa hapo na wageni wawili, wanavuta kamba ya kupimia.

"Akaniamkia vizuri, adabu anayo. Nikamwuliza kulikoni. Akasema kampuni inaweka kinu cha kumenya kahawa. Nikamwambia, baba yako mdogo ana habari? Akasema, 'Anayo, mama mdogo. Alikula.'" Eliza alishika kiuno. "Sasa mimi nauliza. Ulikula nini?"

Macho ya Kilian yalikwenda mezani, kando ya kibodi, lilipokuwa bakuli la jana, na juu ya kabati, lilipokuwa la juzi, na chini ya kiti, lilipokuwa jingine la bluu ambalo hakukumbuka lilifika lini.

*

Miaka mingi Kilian alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika. Alipakia kahawa ya wakulima wa Mkumbi na vijiji vingine, akaipeleka Songea kwa ile barabara ambayo masika ilikuwa tope jekundu kutoka kona hadi kona. Kisha biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaingia na magari yao na mizani yao, chama kikadhoofu, kikafa, na malori yakabaki nyuma ya ghala yakiota majani. Kilian alirudi nyumbani na ufunguo wa gari mfukoni, na hakuna aliyeuulizia.

Kompyuta ilikuja kwa basi, imeviringishiwa godoro. Ofisi ya Jacqueline, binti yao aliyeko Dar es Salaam, ilikuwa inatupa mashine za zamani, naye akamwombea baba yake moja, akaongeza fimbo ya kuongozea na sidii ya programu ya kurusha ndege. "Baba, huku utaendesha bila tope," alimwambia kwenye simu.

Kilian hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Alijifunza kwa kamusi na kwa kuanguka. Alianguka Songea kabla hata ya kuinuka, akaanguka milimani, akaanguka ziwani, na kila alipoanguka aliwasha upya bila kununa, kwa kuwa hapakuwa na tajiri wa kumwita ofisini kujieleza. Mwanzoni aliendesha ndege kama lori. Alitoka Songea akaifuata barabara kwa kumbukumbu, kona kwa kona, ingawa mashine haikuonyesha barabara yoyote, akipinda hewani mahali ambapo hapakuwa na cha kukipindia. Ikafika siku moja, juu ya kilima ambacho alikadiria kuwa ndicho kile alichowahi kulala chini yake na magunia yamelowa, akanyoosha fimbo, akapita moja kwa moja. Alicheka peke yake mpaka Eliza akatoka jikoni kuja kuona amepatwa na nini.

Tangu hapo jioni zake zilikuwa za kuruka, na hakuna kitu uzeeni kilichompa raha kama kile. Umeme wa Mbinga, mji wao, siku hizo ulitoka kwenye jenereta, na jenereta liliwashwa jua likizama. Shida ni kwamba jua likizama ndipo na wanaume wa ukoo wake walipokutana kula.

Wamatengo wanauita mkutano huo sengu. Wanaume hula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao, wake wakileta kila mmoja alichopika, na katikati ya matonge yanasemwa yote: nani anaoa, nani kamtukana nani, shamba lipi lipewe nani. Kwa ukoo wa akina Kilian kulikuwa na jambo moja zaidi. Mtu akiugua asiweze kuja, hupelekewa bakuli lake kitandani. Anayelipeleka humwambia lililozungumzwa jioni hiyo, na mgonjwa akila, anahesabiwa alikuwapo na amekubali. Akilikataa bakuli, jambo linamngoja.

Kilian alipoacha kwenda, mabakuli yalianza kumfuata. Shemeji yake Luisa, mke wa Bernadi, aliyaleta. Yeye alikula akiwa angani, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye tonge, na hakuwahi kujiuliza kwa nini anakula chakula cha wagonjwa.

"Nyie na mabakuli yenu," Eliza alisema alipomaliza kuelezwa. Miaka yote ya ndoa hakuwa amekizoea kitu hicho. "Kwetu Liuli mtu akila, ameshiba. Basi."

Kilian alikuwa ameshasimama. Hasira haikumjia kwa kishindo. Ilianza magotini, ikapanda polepole, na ilipofika kooni alikuwa tayari nje ya mlango, amevaa viatu bila soksi.

"Ningoje basi!" Eliza alimfokea. "Shamba hilo si lako peke yako. Mimi ndiye niliyelichimba."

*

Walikutana na Luisa kwenye nusu ya mlima, anashuka na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Alisimama kando ya njia kuwapisha, kama ilivyo desturi, kisha akaona uso wa Kilian.

"Shemeji, kwema? Nilikuwa nakuletea—"

"Lirudishe."

"Chakula cha moto, shemeji."

"Lirudishe lilikotoka. Mimi siumwi."

Luisa alimwangalia Eliza, Eliza akatazama pembeni. Wakapanda wote watatu, bakuli likitoa mvuke mikononi mwa Luisa. Walipopita kando ya kijito, mbalamwezi ikiwaka, Kilian alijilazimisha kutazama. Shamba la baba yake lilikuwa uchi, limetapakaa majani ovyo ovyo kama nywele zilizonyolewa zikaachwa sakafuni, na vile vitambaa vyekundu vilipepea kana kwamba kuna sherehe.

Kwa Bernadi wanaume walikuwa wameshanawa. Methodi, binamu yao, ambaye hakuna msiba aliokwenda asitoe kichekesho, ndiye aliyemwona wa kwanza.

"Jamani, ondoeni mbuzi uwanjani! Rubani anatua!"

Wakacheka. Hata Bernadi alitabasamu ndani ya ndevu.

"Cheka, Methodi," Kilian alisema. "Cheka sana. Wakimaliza kupima langu watahamia kwako."

Kicheko kikakatika. Tobias aliinuka kutoka mkekani. Alikuwa kijana mrefu, shati safi, kalamu mfukoni.

"Shikamoo, baba mdogo."

Kilian hakuitika. Wote walisikia kwamba hakuitika, na hapo ndipo walipojua kwamba si mzaha. Salamu ya mtoto wa kaka yako unaiacha hewani kwa sababu gani, kama si vita?

"Kaa, mdogo wangu," Bernadi alisema. "Nawa, ule, useme."

"Nitasema kwanza. Nani aliligawa shamba langu?"

"Tuliligawa sisi, na wewe ukiwemo. Ulikula."

"Nilikula ugali! Sikula neno lolote."

"Bakuli ni bakuli, Kilian. Usitake tuanze kulipima kwa ratili. Baba alipougua si tulimpelekea? Si alikula, na mahari ya dada yetu ikapangwa hivyo hivyo?"

"Baba alikuwa anaumwa. Mimi naumwa nini?"

"Ndege," Methodi alijibu, akashindwa kujizuia, na mtu mmoja akacheka puani.

Kilian alimgeukia. Sauti yake, ambayo kwa kawaida ilibidi mtu ainame kuisikia, ilitoka kali mpaka mbwa wa Bernadi akasimama. "Nimeendesha lori la watu wote hapa. Kahawa yako, Methodi, nimeisukuma kwenye tope kwa mabega haya. Sikuwahi kulewa, sikuwahi kuuza dizeli ya chama. Leo nimezeeka, nimepata kitu kimoja kinachonifurahisha, nakifanya nyumbani kwangu, simsumbui mtu. Kumbe mnakaa hapa mnaniita mgonjwa, mnaniletea chakula cha wagonjwa, halafu mnaligawa shamba langu wakati nimewapa mgongo!"

"Baba mdogo," Tobias alisema, kwa upole wa mtu aliyejiandaa, "hakuna aliyevizia. Chama kimekufa. Hawa wanunuzi wanataka mahali penye maji na barabara, wakulima walete kahawa mbivu wapate bei nzuri. Shamba lako lina vyote viwili. Na halilimwi."

"Limepumzishwa."

"Limetupwa," alisema Bernadi.

"Na mbona ukaichagua jioni nisiyokuwapo?" Kilian alimwuliza Tobias, kwa mara ya kwanza akimtazama.

"Jioni zote hukuwapo, baba mdogo."

Hilo lilimpiga. Akakodolea moto macho. Ndipo Eliza, aliyekuwa amesimama na wanawake kwenye mlango wa jiko, akasogea mbele hatua ambayo wanawake hawaisogei pale, labda kwa kutojua, labda kwa kujua.

"Mimi si wa huku, mnisamehe. Lakini nimeambiwa mleta bakuli husema neno. Nani alilisema?"

Macho yote yakaenda kwa Luisa. Bado alikuwa ameshika lile bakuli.

"Nilisema," Luisa alijibu.

"Kwa sauti gani?" Kilian aliuliza.

"Kwa sauti ya kusemea."

"Dada Luisa," Eliza alisema, "uliona kama ameziba masikio na yale madude yake?"

Luisa alilitua bakuli chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akajifuta tena.

"Niliona."

"Na hukumgusa bega?"

"Sikumgusa."

"Kwa nini?" Bernadi aliuliza, na sasa sauti yake nayo ilikuwa imebadilika.

"Kwa sababu nimechoka!" Ilitoka kama chungu kilichofurika. "Mvua inanyesha, nateremka mlima na bakuli la bwana mkubwa. Nafika, napiga hodi: mgongo. Naweka chakula mezani: mgongo. Nauliza bakuli la jana liko wapi: mgongo! Hata 'karibu shemeji' sijaisikia tangu lile dude liingie nyumba ile. Mgongo wake naujua kuliko uso wa mume wangu. Siku hiyo mkanituma neno zito. Nikasema haya, leo nitausemesha mgongo. Nikausemesha, nikaweka ugali, nikaondoka. Kama mgongo haukusikia, shauri yake!"

Hakuna aliyecheka, hata Methodi. Luisa alikuwa anahema. Kilian alihisi hasira yake ikikwama njiani, kama tairi lililokita kwenye mfereji: haiendi mbele, hairudi nyuma. Alitaka kumkasirikia shemeji yake na akaona hana pa kuanzia. Hilo nalo likamkasirisha.

Bernadi alikohoa muda mrefu kuliko kikohozi kilivyohitaji. Tobias alikuwa mwanawe, na Luisa mkewe.

"Basi neno halikufika," alisema hatimaye, kama mtu anayetapika. "Nakubali halikufika. Lakini usije ukashangilia, Kilian. Watu wa kampuni wanakuja kesho kutwa na saruji. Ungekuwa na majani yaliyolazwa kwa mistari pale, ningemwambia huyu kijana asubiri mpaka maharage yatoke. Shamba lenye majani yaliyolazwa haliguswi, hilo hata yeye analijua. Lako lina nini? Misimu miwili hujaingiza hata jembe. Mtu nitamkataza kwa kitu gani? Kwa ndege zako? Haya. Nawa, ule, tumalize."

Luisa alinyanyua bakuli, akalisogeza mbele ya shemeji yake. Kilian alilitazama.

"Sinawi," alisema.

Wanaume wakatazamana. Asiyenawa hajafunga jambo. Kilian alishaondoka.

*

Eliza alimfuata, wakateremka. Walipofika shambani Kilian aliacha njia akaingia katikati, apate kuving'oa vile vigingi hata kimoja, mikono ipoe. Majani yalivunjika chini ya viatu vyake. Alisimama. Akakanyaga tena, makusudi.

"Umekanyaga nini?" Eliza aliuliza kutoka njiani.

"Yamekauka."

"Nini?"

"Majani. Yamekauka, mama Jacqueline." Aliinama akachota mkono mzima, akayasikia yakiwa mepesi, yakilia kama karatasi. "Wametufyekea wenyewe. Kazi ya kufyeka na kungoja ikauke imeshafanywa. Imebaki kuyalaza tu."

Kulaza majani ni kazi ya mwanamume. Anayapanga kwa mistari, mingine ikikata mlima na mingine ikishuka nao, mpaka mteremko mzima unakuwa na vyumba vya mraba. Baada ya hapo mwanamke anaingia kila chumba, anachimba udongo wa katikati na kuyafunika majani, na kinachobaki ni shimo la kushika maji na tuta la kupanda maharage. Hiyo ndiyo ngolo. Mama mkwe alimfundisha Eliza akiwa bibi harusi, kwa kumpiga makofi ya mgongo kila alipokosea.

"Na atakayechimba?"

"Nakuuliza wewe."

"Unanituma au unaniomba?"

"Naomba."

"Misimu miwili jembe langu limening'inia ukutani," Eliza alisema, "nakwambia baba Jacqueline twende shamba, unaniambia ngoja nitue. Utatua lini? Mimi pia nilikuwa nausemesha mgongo, ila tu sikuleta bakuli." Akaanza kushuka. Akiwa mbele yake akaongeza, bila kugeuka, "Tutaanza asubuhi. Lakini nina hasira na wewe, ujue."

Nyumbani ndege ilikuwa bado imesimama hewani karibu na Lituhi. Kilian hakukaa. Aliitazama akiwa wima, akaona kwa mara ya kwanza jinsi milima ya kwao ilivyopakwa rangi moja mle ndani, kijani cha mfululizo kama shuka la hospitali. Mara nyingi aliutafuta mlima huu kutoka juu, akazunguka na kuzunguka, na akaudhani ni huu au ule. Aliyeitengeneza mashine hakujua ngolo. Mtu wa mbali huko, hakuambiwa kuna watu wanaochora milima yao kwa majani. Hakumlaumu. Alizima mwenyewe, kabla ya jenereta kuzimwa, na safari yote kutoka Songea ikapotea.

*

Waliingia shambani umande ukiwa bado chini. Kilian alianza juu kabisa. Alikusanya kwa mikono, akalaza mstari, akaukandamiza kwa mguu, akarudi kukusanya. Vigingi hakuving'oa. Kila alipokutana na kimoja alikipitishia majani pembeni, na Eliza alipofika hapo alikitupia udongo kama kitu kisichokuwapo. Jembe lilisema, likanyamaza, likasema. Mgongo wa Kilian ulianza kumkumbusha viti vyote alivyokalia.

Jua lilipokuwa kali Tobias alikuja mbio kutoka juu, shati limetoka ndani ya suruali.

"Shikamoo, baba mdogo. Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," Eliza alisema. Kilian alilaza majani.

"Baba mdogo, hii sasa ni kunikomoa. Mimi nimewaahidi watu. Wanakuja kesho na saruji, nitawaambia nini?"

"Waambie maharage."

"Kinu kitawasaidia wote! Hata wewe una mibuni kule nyuma ya nyumba!"

Kilian alinyooka. Ilimchukua muda. "Sina ugomvi na kinu, Tobias. Ungekuja kwangu mchana, ukapiga hodi, ukakaa, ukasema baba mdogo nataka kitu fulani, pengine ningekupa. Mimi mwenyewe najua chama kimekufa, nilikizika. Ila hukuja. Ulituma bakuli."

"Nilikuja!" Tobias alipaza sauti. "Nilikuja ukaniinulia kidole hivi, nikae kimya, unatua. Nikakaa. Ukatua, ukaruka tena!"

Eliza alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. Kilian alisikia joto shingoni, na si la jua. Hakukumbuka. Lakini alijua ni kweli, kidole hicho alikijua.

Tobias, akiona hajibiwi, aliinama akashika ncha ya mstari uliopita juu ya kigingi chake, akaanza kuunyanyua.

"Tobias." Eliza alikuwa ameinua jembe mpaka usawa wa kifua, taratibu, kama anayelionyesha dukani. "Nimekubeba mgongoni wewe mama yako akiwa anachuma kahawa. Umenikojolea. Sasa gusa hayo majani."

Kijana aliyaacha. Alisimama kidogo, akijipangusa mikono isiyokuwa na uchafu, kisha akapanda mlima bila kuaga. Kilian alimtazama akienda. Bado alikuwa na hasira naye, hasira nzima, haijamegwa. Alichokosa ni ile raha ya kuwa yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kukasirika.

Akarudi kwenye majani.

Jioni ilipoanza kupoa walikuwa wamefika nusu ya mteremko. Juu palikuwa na vyumba vilivyofunikwa udongo mweusi mbichi; katikati, mistari mitupu inayomngoja Eliza; chini, mpaka kijitoni, majani yalilala ovyo kama walivyoyakuta, na vitambaa vyekundu vikipepea. Vidole vya Kilian havikutaka tena kukunja.

Luisa alitokea kwenye njia na bakuli. Hakushuka shambani. Alisimama ukingoni akiukagua mlima kwa jicho la mwanamke aliyechimba ngolo tangu utotoni.

"Shemeji, mistari yako ina kona."

Kilian alitazama. Ilikuwa kweli. Ile ya kushuka ilianza vizuri juu, kisha ikaanza kuzunguka, kushoto, kulia, kushoto, mfano wa barabara ya Songea.

"Maji yatakimbilia hapo," Luisa aliendelea. "Masika yatakubebea maharage."

"Kesho nitanyoosha," Kilian alisema kwa hasira.

"Unyooshe."

Akashuka, akaja mpaka mbele yake, akalitua bakuli juu ya udongo. Kilian alijifuta jasho, akamtazama usoni. Uso wa shemeji yake ulikuwa umezeeka kuliko alivyoukumbuka. Alama ndogo ya kuungua karibu na jicho hakujua aliipata lini.

"Karibu, shemeji," alisema.

Luisa hakuitikia hilo. Alipaza sauti, kila neno peke yake, kama anayemsemesha kiziwi ng'ambo ya mto. "Bakuli hili halina neno! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni ugali na maharage. Na lile la juzi nalitaka. Na la siku iliyotangulia, na la bluu. Yote, yameoshwa."

"Nitayaleta mwenyewe. Kesho jioni."

"Kwenye sengu?"

"Kwenye sengu. Sijamaliza na mumeo."

"Wala yeye hajamaliza na wewe," Luisa alisema, akaanza kupanda.

Chini, mjini, jenereta liliunguruma na taa zikawaka moja moja. Kilian aliziona, akaona na paa la nyumba yake, na mkono wake wa kulia ukajikunja wenyewe kama ulioshika fimbo, ukauma, ukafunguka. Hadi Liuli ilibaki safari nzima, kuanzia Songea upya.

Eliza alinawa kwa maji ya dumu, akammwagia na yeye. Walikula wakiwa wamekaa kwenye tuta jipya, kila mmoja akimega upande wake. Walipomaliza, Eliza alichomeka jembe kwenye shimo alilokuwa amelichimba nusu, naye Kilian akaweka fungu la majani mwanzoni mwa mstari wa kwanza uliopinda, wajue asubuhi pa kuanzia kuunyoosha.